Soli ya Kurasa Zote

Asubuhi ile waligombania miwani, kama kawaida yao.

Miwani ilikuwa moja, macho ya watu wawili. Mama Kurasa alikwenda nayo kazini, kwa hiyo mumewe, fundi viatu, alikuwa na asubuhi mapema tu ya kuitumia. Aliketi mlangoni penye mwanga, akatunga uzi kwenye sindano zote za siku nzima, akazichomeka kwenye kipande cha sponji. Akishamaliza hapo, kazi yote iliyobaki aliifanya kwa vidole.

“Nipe macho yangu, nachelewa,” mkewe alisema.

“Bado sindano mbili.”

“Sindano utadhani unashona hema! Kwani jana uliletewa viatu vingapi, we mzee?”

“Vichache. Lakini vyote vimeachama midomo kama ndugu zako kwenye harusi.”

“Nitawaambia.”

“Waambie. Wavae viatu kwanza.”

Mama Kurasa akacheka, akamvua miwani puani, akaifuta kwa pindo la gauni. Chai aliinywa amesimama, nusu kikombe. Alipokuwa mlangoni akageuka.

“Jaza ndoo. Mchana maji yanakatika mtaa huu.”

“Nani kasema?”

“Mimi. Nimeandika mwenyewe.”

Akaenda. Fundi hakumsindikiza hata kwa macho. Alikuwa anatafuta gundi.

Mchana simu ililia. Aliyepiga alikuwa mfanyakazi mwenzake na mkewe ofisini, jamaa mnene, mpole, ambaye watu wote walimwita Subiri kwa sababu kila alipoulizwa jambo alianza na neno hilo. Siku hiyo hakulitamka. Alisema, “Mzee, njoo sasa hivi.”

Fundi alidhani mkewe kasahau kitu. Akaondoka na aproni yake ya ngozi kifuani. Alipofika ofisi ya maji alimkuta amelazwa kwenye benchi refu la ukumbini, lile la watu wanaosubiri kulalamika, amefunikwa shuka mpaka juu. Makarani na mafundi bomba walikuwa wamejipanga ukutani, kimya, kama watoto waliovunja kitu. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani umepasuka. Mama Kurasa alikuwa anaandika, akashika paji la uso, akalalia meza. Basi.

“Kaamka vizuri,” fundi alisema. “Tulikuwa tunataniana.”

Daktari akaitikia kwa kichwa.

“Nasema tulikuwa tunataniana!” akarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba daktari hakumsikia, na akisikia atalifuta neno lake.

Mama Kurasa aliingia ofisi ile akiwa msichana, mpiga chapa. Alipiga barua za wakubwa kwa mashine iliyogonga kama mawe juu ya bati. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wengi walizifunika vitambaa wakaziogopa. Yeye alivuta kiti akakaa karibu. Ofisi ilipotaka kurasa za mtandaoni, ili kila mtaa ujue zamu yake ya maji, alikuja mtaalamu mmoja mwenye moyo mkunjufu, akamfundisha kila alichokijua, na alipohamia kazi nyingine akamwachia usukani. Ndipo jina la Mama Kurasa lilipotoka. Mtaani nako likamfuata. Hata muuza mkaa alimwita hivyo.

Kazi yake alimweleza mumewe mara nyingi. Ndani ya ukurasa, alisema, huandiki kila kitu upya. Unatunga neno lako mwenyewe, unaliweka ndani ya mabano yenye ncha, na mashine ikilikuta inajua ilete nini mahali pale. Neno moja linaleta ratiba, jingine linaleta matangazo. Sharti lake ni moja: ukifungua neno ulifunge, na lililo ndani lifungwe kabla ya lililo nje. Ukisahau mahali pamoja tu, ukurasa mzima hauonekani.

“Haupindi wala haunung’uniki,” alikuwa akisema. “Unakataa tu.”

“Ehe,” fundi alijibu, huku akipigilia misumari. Aliyaona ni mambo ya ofisi.

Shule yeye hakuingia. Hata herufi alifundishwa na huyo mkewe, kwa chaki, juu ya vipande vya ngozi.

Walipomzika, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alibaki nyumbani kusaidia. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono miepesi. Simu ya marehemu iliwekwa juu ya kabati, na hakuna aliyeifikiria. Siku iliyofuata maziko, ikalia.

Shemeji alipiga yowe, sinia likamtoka mikononi. Fundi akabaki kuitazama ile simu inavyotetemeka na kusogea juu ya kabati kama mdudu aliyegeuzwa chali. Ikalia, ikalia. Mwishowe akaipokea.

“We mama!” sauti ya mwanamume ikapaza, bila hata salamu. “Maji yetu mmeyapeleka wapi? Ukurasa wako unasema yapo. Nimejipaka sabuni mwili mzima, hapa naongea na wewe povu limejaa masikioni!”

Fundi akaisogeza simu mbali kidogo na sikio.

“Umenyamaza? Haya nyamaza. Sabuni inanikaukia.”

“Mwenyewe amefariki,” fundi akasema.

Upande wa pili kitu kikaanguka. Yule mtu aliporudi, alirudi na sauti nyingine kabisa.

“Lini?”

“Tumemzika jana.”

“Jana? Mbona jina lake liko hapa? Naliona, mzee. Liko hapa chini.”

Ndivyo fundi alivyojua. Alimwomba shemeji afungue ukurasa wa mtaa wao kwenye simu yake mwenyewe. Wakashuka nao mpaka chini kabisa, na fundi akaweka kidole, akasoma herufi moja moja kwa kubabaisha. Jina la mkewe, zima. Mbele yake, namba ya simu. Ukiona kosa, piga hapa.

Shemeji akafungua mtaa mwingine. “Huku pia yupo.”

Akafungua wa ng’ambo ya reli. “Yupo.” Akafungua wa machinjioni, wa sokoni, wa viwandani. “Yupo. Yupo. Shemeji, yupo!”

Fundi alitafuta kiti kwa mkono. Mtu aliyemwacha kaburini jana, alikuwa mji mzima.

Kuanzia hapo simu haikuzimwa. Fundi aliichaji mwenyewe, akaenda nayo kibandani, akaiweka kando ya gundi. Alipokea kila aliyepiga. Wengi walianza na matusi wakamaliza na pole. Bibi mmoja alilia mpaka akasahau alichopigia. Mwingine alisimulia jinsi Mama Kurasa alivyowahi kumkaripia kwa kuacha bomba wazi, na namna alivyomkaripia, fundi aliijua sauti yenyewe.

“Shemeji, izime hiyo simu,” mdogo wa marehemu alimwambia. “Umegeuka karani wa maji, tena karani wa bure.”

“Iache.”

“Watu wanamtukana dada yangu, naye hawezi kujibu!”

“Wanamtaja,” fundi alisema.

Shemeji akamtazama, akachukua ufagio, akatoka nje kufagia palipokwisha kufagiliwa.

Asubuhi moja simu ilianza kulia na haikupumua. Akikata huyu, anaingia yule. Wote walikuwa wameihifadhi namba tangu zamani, na wote walisema neno moja: ukurasa haufunguki, kuna maandishi mekundu tu. Mtaa gani? Wa kwetu. Na wewe? Wa kwetu pia. Fundi alichanganyikiwa. Kabla hajajua afanye nini, Subiri alitokea kibandani, anahema, shati limelowa mgongoni.

“Mzee, nimeua,” akasema.

Fundi aliangusha nyundo. “Umeua nani?”

“Kurasa! Kurasa zote!”

Alikaa juu ya kigoda cha wateja, kigoda kikalia. Mkuu wa ofisi, alieleza, alikuwa ameagiza jina la marehemu liondolewe. Haifai watu kumpigia mtu ambaye hayupo. Subiri akaingia ndani ya mashine, akalitafuta lile neno ambalo huleta jina chini ya ukurasa, akaifuta maana yake yote. Alidhani neno likishang’olewa, jina litaondoka nalo kimyakimya. Lakini neno lenyewe lilibaki limeandikwa kwenye kila ukurasa. Mashine ikalikuta, ikatafuta maana yake, haikuiona, ikakataa. Ikahamia ukurasa wa pili, ikakataa. Mji mzima.

“Hakuna mtaa uliofunguka, mzee. Hata mmoja! Mkuu katoka ofisini kwake na soksi tupu.”

“Na sasa?”

“Subiri. Sasa nimerudisha kama ilivyokuwa. Zinafunguka.”

“Na yeye?”

Subiri alielewa. “Naye amerudi. Mkuu kasema mtu yeyote asiguse tena.”

Fundi aliiokota nyundo yake. “Basi msiguse,” akasema.

Subiri alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza kitu. Akaufunga, akaaga.

Haikupita muda ikaja simu ya mkunga.

Ilikuwa mchana, fundi ameshika kiatu kati ya magoti, gundi bado mbichi. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya haraka, haina tusi wala lawama.

“Mama, ni mkunga huku zahanati ya juu. Ukurasa unasema leo ni zamu yetu, na bomba ni kavu tangu asubuhi. Nina mzazi, mtoto yuko njiani. Nitumie gari la maji, nakuomba, upesi.”

“Huyu siye, mwanangu. Mwenyewe hayupo.”

“Basi nipe aliyepo!”

“Aliyepo ni mimi. Mimi ni fundi viatu.”

“Fundi viatu?” Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. “Nimepiga namba waliyoandika. Nimeacha mzazi ndani, nimekuja dirishani kusubiri ipokelewe. Fundi viatu?”

“Usikate,” fundi akasema, halafu akakata mwenyewe kwa haraka. Alilitafuta jina la Subiri mule ndani ya simu, herufi zikamchezea, akalipata, akapiga. Subiri hakusema subiri. Gari likaondoka.

Jioni mkunga alipiga tena. Mtoto alizaliwa kabla gari halijafika; majirani walitoa maji yao ya kunywa, ndoo kwa ndoo, kupitia dirishani. Mama mzima, mtoto mzima, analia kwelikweli. “Asante, fundi,” alisema, na kulikuwa na kicheko cha uchovu ndani yake. “Lakini mnisaidie. Wekeni mtu hapo.”

Fundi alikaa na ile simu mkononi. Siku zote hizo alikuwa akiwaza watu wenye sabuni masikioni. Hili halikumjia akilini hata mara moja. Kesho yake asubuhi alivua aproni, akaitundika.

“Unakwenda wapi?” shemeji aliuliza.

“Kumtoa.”

“Kumtoa nani?”

“Dada yako.”

Shemeji aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ofisini kiti cha Mama Kurasa kilikuwa bado na mto wake, umebonyea katikati. Fundi hakukikalia. Alisimama kando ya Subiri.

“Mzee, mkuu kasema tusiguse.”

“Nimeanzia kwake. Kaniambia nikiridhia mimi, yeye hana neno, ila usimvue viatu tena.”

Subiri hakucheka. Alijikuna shingo. “Subiri nikwambie ukweli. Mahali pa kugusa nilipajua tangu siku ileile. Neno haling’olewi. Unaliacha lilipo, unabadili kilicho ndani yake. Nilijua, nikanyamaza. Niliona, nani amfute? Mimi? Nimekaa kando yake miaka yote hii, nimfute mimi?”

Fundi alimshika bega. Kisha akauliza lile alilokuja nalo moyoni njia nzima.

“Kurasa ni nyingi, sivyo?”

“Nyingi mno.”

“Basi nitakuwa nakuja. Leo tunatoa mtaa mmoja, kesho mwingine. Polepole, kama kufumua mshono.”

Subiri aliangalia chini. “Mzee, ni mahali pamoja tu.”

“Pamoja wapi?”

“Jina lake aliliandika mara moja. Hilo neno ndilo linalolipeleka kote.”

Hapo fundi alikaa, tena alikaa kwenye kiti kilekile alichokikwepa. Mji mzima, na aliandika mara moja. Na kumtoa pia, mara moja.

Subiri akafungua ukurasa wa mtaa mmoja, si kwa nje anavyouona mtu, bali kwa ndani. Fundi akatoa mfukoni ile miwani yao ya wawili, akaivaa. Mistari ilikuwa mingi, mabano yenye ncha kila mahali, kama alivyoelezwa. Alishuka nayo kwa kidole mpaka mstari wa chini. Palikuwa na hivi:

<kiatu:soli/>

“So… li,” fundi akasoma. “Soli.” Akainua kichwa. “Hii soli gani?”

“Ndilo neno lenyewe. Linaleta yote ya chini ya ukurasa.”

“Soli ya kiatu?”

“Soma na linalotangulia.”

“Ki… a… tu.”

Akaisogeza miwani puani. Akarudi juu, kidole kwenye kioo. <kiatu:ulimi>, akasoma, na Subiri akamwambia hapo ndipo matangazo yanapochungulia juu ya ukurasa. <kiatu:kisigino>, hiyo ni ratiba yenyewe, kinachobeba uzito. <kiatu:gidamu/>, kinachofunga ukurasa huu na mwenzake. Kila neno alilolisoma lilikuwa la kwake. Yalikuwa maneno ya kibandani, ya gundi na msharasi wa kutobolea ngozi na nta, yamepangwa ndani ya ofisi ya watu waliosoma, na hakuna aliyemwambia. Alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ngeni akakuta picha yake ukutani.

“Hukujua?” Subiri aliuliza. Naye alikuwa ameshtuka. “Hakukwambia?”

“Hakusema.”

“Sisi tunayaandika kila siku. Mpaka mkuu. ‘Hebu tazameni ulimi wa mtaa wa sokoni.’ Tulidhani mnacheka wote nyumbani.”

Fundi alitikisa kichwa. Akageukia mlango. “Mtu wa nje anayaona?”

“Haoni. Ni sisi tunaofungua kwa ndani.”

“Na nikimtoa yeye, haya nayo yanatoka?”

“Yatoke yaende wapi? Uliona nilipojaribu kung’oa moja.”

Subiri akaifungua soli yenyewe. Ndani yake jina lilikuwa limeandikwa hapo, na namba. “Nifute?”

“Nionyeshe pa kubonyeza.”

Alimwonyesha. Fundi alianza mwisho, akirudi nyuma. Kila herufi aliisoma kwa midomo kabla hajaifuta, ile ya mwisho, ya kabla yake, ya kabla yake. Mafundi bomba wawili walipita mlangoni na funguo zao, wakaona, wakasimama. Ilipobaki herufi ya kwanza, kidole chake kilikaa hewani kidogo. Kisha akabonyeza.

Subiri aliandika mahali pale namba ya meza ya zamu, ambayo ina mtu wakati wote. Akahifadhi. Fundi akatoa simu ya mkewe, akafungua mtaa wao, akashuka mpaka chini. Hayupo. Akafungua wa ng’ambo ya reli. Hayupo. Wa sokoni.

“Wote?” akauliza.

“Wote, mzee.”

“Mara moja hivyo?”

“Mara moja.”

Walikaa. Simu ya marehemu ilikuwa mezani kati yao, na haikulia. Fundi akaelekeza kidole kwenye kioo, kwenye lile neno lililobaki.

“Lakini kwa nini kiatu? Hii ni ofisi ya maji. Angeweka bomba. Angeweka ndoo.”

“Nilimuuliza hivyohivyo,” Subiri alisema. “Wiki yangu ya kwanza hapa. Ukurasa wangu ulikataa, nilifungua ulimi nikasahau kuufunga. Nikaanza kuyacheka hayo maneno yake, kwa haya tu. Yeye hakucheka. Alivua miwani, akageuza kiti hicho ulichokalia, akanitazama.” Subiri alijifuta pua kwa kiganja, akakaa vizuri, akalitoa jibu lake kama lilivyotoka kinywani mwake:

“‘Mume wangu hajaketi darasani hata siku moja, lakini sijamwona akimrudishia mtu kiatu cha mguu mmoja. Ukifungua, funga. Na ukishindwa, nenda kakae kibandani kwake umtazame.’”